Ngazi Elfu Nne Chini ya Blanketi

Tarehe 2 Desemba

Daftari hili ni la binti yangu Miao. Kurasa tano za mwanzo zimejaa hesabu zake za kugawanya, na nyingi amekosa. Kituo cha utafiti wa anga kimenipa daftari jingine, la kijani, niandike kila siku nimelalaje na najisikiaje, nalo watalisoma. Hili hataliona mtu. Nimekuja na penseli nne kwa sababu Nesi Jiao alituonya kwamba kalamu ya wino haiandiki mtu akiwa amelala chali.

Kesho tunalazwa. Siku tisini juu ya kitanda kilichoinamishwa upande wa kichwa, miguu ikiwa juu kuliko moyo, ili mwili udhani umefika angani kusiko na uzito. Tuko wanaume wanane, wawili wawili kila chumba. Kuna dawa ya mizizi inayojaribiwa, ya kuzuia misuli isiyeyuke. Wanne watakunywa dawa yenyewe, na wanne watakunywa maji machungu yenye rangi ileile. Nani anakunywa nini hakuna ajuaye, hata daktari mwenye dawa. Majina yamo ndani ya bahasha yenye lakiri nyekundu, na itafunguliwa mwisho. Kanuni ni nyingi ila kubwa ni mbili: usiinue kichwa, na usiipe miguu kazi yoyote. Tumetia saini.

Mimi ni mpagazi wa Mlima Luoyun. Kila uchao napandisha mchele, bia na mitungi ya gesi kwa mti begani, ngazi elfu nne mpaka hotelini kileleni. Na sasa kazi yangu ni kulala. Kijijini wamenisindikiza kwa fataki, wamenivika utepe mwekundu kifuani kama bwana harusi. Mwenyekiti akapaza sauti, "Qi Laishun anakwenda kwa watu wa anga!" Sikumsahihisha. Nusu ya kijiji wanaamini nitarushwa.

Tarehe 3 Desemba, siku ya 1

Damu yote imeshukia kichwani. Uso umevimba, pua imeziba. Nilimwomba Nesi Jiao kioo, akacheka.

"Kaka Qi, leo usijitazame. Utadhani umevamiwa na nyuki."

Mwenzangu chumbani ni Tong Weimin, mwalimu wa sayansi wa shule ya msingi, mwembamba, miwani mizito. Kitanda chake kilipoinamishwa alitangaza kama yuko mbele ya darasa, "Sasa tumeondoka duniani." Nikajua nimepata balaa la miezi mitatu.

Tarehe 5 Desemba, siku ya 3

Haja kubwa. Nesi Jiao ni rika la mdogo wangu wa mwisho, na leo amenifanyia mambo ambayo hata mke wangu hajawahi kunifanyia. Waliosema aibu ya maiti aijuaye mwosha hawakumfikiria maiti anayesikia kila kitu na kuambiwa ageuke kidogo kushoto.

Tarehe 6 Desemba

Mgongo.

Tarehe 7 Desemba

Mgongo.

Tarehe 9 Desemba, siku ya 7

Daktari Lou amekuja kutupima mapaja. Ni mama wa miaka sitini, mfupi, futi ya kitambaa shingoni kama fundi cherehani. Mashine ya kisasa wanayo, lakini yeye hupima kwanza kwa futi yake, halafu ndipo huiuliza mashine kama imekubali. Dawa ya mizizi ni yake. Amesema mapaja yetu yameanza kupungua, na kwamba ndivyo inavyokuwa.

"Mwili hauna huruma," alisema. "Usichokitumia unakila."

Baba yangu alikuwa mpagazi pia. Aliteleza kwenye barafu karibu na Lango la Pili, akavunjika nyonga, akalala miezi minne. Alipoinuka mapaja yake yalikuwa membamba kuliko mikono yangu. Hakupanda mlima tena. Alikaa mlangoni miaka sita akitazama migongo ya wenzake wakipanda, mpaka akafa. Cuiping, mke wangu, alinishika mkono kwenye kituo cha basi akaniambia neno moja tu: "Baba Miao, urudi na miguu yako."

Leo baada ya chakula cha mchana, nesi akiwa ametoka, nimegandamiza wayo wa kulia juu ya wa kushoto chini ya blanketi, nikakaza paja, nikahesabu mpaka tano, nikalegeza. Kisha mguu mwingine. Mara kumi tu. Kamera iko juu yangu saa zote, lakini kamera haioni chini ya blanketi.

Tarehe 10 Desemba

Ngazi ishirini. Kila mkazo mmoja nauita ngazi.

Tarehe 13 Desemba

Ngazi mia na kumi.

Tarehe 19 Desemba, siku ya 17

Theluji. Nimeijua kwa kofia ya Nesi Jiao. Hapa dirisha liko nyuma ya vichwa vyetu, mbele yetu kuna dari na kifaa cha kuzimia moto.

Mwalimu Tong hanyamazi. Leo nimemchokoza.

"Mwalimu, hivi hao wakirudi kutoka juu si hubebwa?"

"Hubebwa kwenye viti, ndiyo. Wakitua jangwani kuna watu wanawasubiri."

"Basi mngenipa kazi hiyo. Kubeba ndiyo kwetu."

Akacheka mpaka kitanda kikatikisika, kisha akajizuia, maana kutikisika nako anaona ni kuvunja kanuni. "Lakini watakaokwenda mbali, Kaka Qi, miezi na miezi njiani. Mlango ukifunguliwa kule, nani atawabeba? Hakuna mtu. Lazima ashuke kwa miguu yake mwenyewe. Ndiyo maana sisi tumelala hapa."

Mimi nabeba watu pia, wagonjwa na wazee, kwenye kiti cha mianzi. Naujua uzito wa mtu aliyekataliwa na miguu yake. Nikajisemea kesho naacha.

Ngazi mia nne. Nilishazipanda kabla hajasema.

Tarehe 20 Desemba

Ngazi mia tano na arobaini. Kwa hesabu ya mlima wetu nimefika Banda la Chai.

Tarehe 31 Desemba, siku ya 29

Vipimo vya mwezi. Daktari Lou alinipima paja la kulia, akapima tena, akavua miwani akaifuta, akapima mara ya tatu.

"Qi mdogo," aliniambia, kama wazee wanavyowaita vijana, "miguu yako imekataa kulala."

Nikasema wapagazi tumeumbwa hivyo. Uongo ulitoka laini hata mimi nikaushangaa.

Kisha akaenda kwa Mwalimu Tong, nikasikia karatasi zikifunuliwa, moja baada ya nyingine. "Samahani, Daktari," alisema. "Nimepungua sana, eti?" Anaomba radhi! Mtu ambaye hajainua kichwa hata kikombe kilipomwagikia shingoni, anaomba radhi kwamba mapaja yake yamekonda, na mwizi amelala mita mbili kutoka kwake akitazama dari.

Kwenye daftari la kijani nimeandika: Nimelala vizuri. Miguu imepumzika.

Tarehe 4 Januari

Sijapanda. Usiku nimeota mlango wa baba.

Tarehe 5 Januari

Ngazi elfu moja na mia mbili.

Tarehe 11 Januari

Baridi kali. Mikono ya Nesi Jiao kama samaki wa sokoni. Ngazi elfu moja na mia nane, Lango la Pili.

Tarehe 18 Januari, siku ya 47

Leo, kwa kalenda yetu ya kale, ni tarehe nane ya mwezi wa kumi na mbili, tumepewa uji wa sikukuu, wenye tende na kunde, uliopimwa kwenye mizani mpaka punje ya mwisho. Tunakula kwa ubavu kama ng'ombe.

Mwalimu Tong hakumaliza. Mgongo ulimkamata katikati ya kula, akaanza kulia bila sauti, machozi yakimwingia masikioni kwa sababu ya mteremko. Nesi Jiao akamwambia, "Mwalimu, inua kichwa kidogo tu, dakika moja, nitaandika kwamba umeinua. Inaruhusiwa mtu akizidiwa." Akakataa. "Ukiandika nimeinua, siku yangu ya leo inakuwa na doa." Akauma taulo.

Zamani ningecheka. Mwezi uliopita nilimwita moyoni mwangu mwalimu wa kuchonga, mgumu kama kinyago. Leo nimeona haya mpaka uji ukanikwama. Sikujua haya inaweza kuwa na ladha, lakini ni ile ya uji uliopoa.

Ngazi sifuri leo.

Tarehe 19 Januari

Ngazi elfu mbili. Mkosi gani huu? Nikianza kuhesabu siwezi kuacha kabla ya kufika mahali penye jina.

Tarehe 31 Januari, siku ya 60

Daktari Lou alikaa kitandani kwangu leo, jambo asilolifanya. Amenieleza kwamba dawa hiyo ameihangaikia miaka kumi na moja. Mara ya kwanza ilikuwa kali ikawaharisha watu, mara ya pili fedha zilikatwa. Mwisho wa Machi anastaafu. Jaribio hili likionyesha kitu, dawa itapewa watu wanaojiandaa kwa safari ndefu. Lisipoonyesha, vitabu vinafungwa.

"Sijui wewe uko upande gani wa bahasha," alisema, "na sitaki kujua. Lakini mzee kama mimi haruhusiwi kutumaini?"

Akanipiga paja mara mbili, kama mtu anavyompiga punda wake mwema.

Alipoondoka nilifikiri hivi, naandika ili nijione: miguu yangu imenona, yeye anadhani ni dawa, basi nikinyamaza namsaidia. Namkosea nani? Bibi wa watu anastaafu kwa furaha, dawa inasifiwa, mimi narudi na miguu. Nilijibembeleza hivyo jioni nzima. Lakini kila nilipofika mwisho wa hoja niliusikia ule mlango wa Tong ukifunguliwa huko mbali, na mtu akitoka akiwa amekunywa mizizi isiyofanya kitu, na magoti yakimwisha.

Tarehe 9 Februari, siku ya 69, mkesha wa mwaka mpya

Tumepewa maandazi madogo ya nyama ya kuchemsha, sita kila mmoja. Televisheni imefungwa darini kwa ajili yetu. Walioko juu kwenye kituo cha anga walitokea, watatu, wakielea, wameshika karatasi nyekundu yenye neno la baraka, wakatupungia wananchi wote mkono. Mwalimu Tong akawapungia.

"Hawakuoni, Mwalimu," nikamwambia.

"Najua. Ila sisi ni wenzao kidogo."

Cuiping akapiga simu. Alikuwa ameiweka sauti ya juu, chumba kimejaa majirani.

"Baba Miao! Mwenyekiti anauliza, umeshaelea?"

"Bado."

"Anasema bado!" akawatangazia. "Haya, wanataka kukuona umevaa lile vazi jeupe la anga."

"Limefuliwa," nikasema.

Kicheko kikalipuka kule. Kisha Miao akachukua simu, akaninong'oneza, "Baba, nimewaambia darasani wewe hudanganyi, kwa hiyo ni kweli unakwenda." Nikamwambia ale vizuri. Nilipokata simu Mwalimu Tong alikuwa amenigeuzia uso, shavu juu ya mto, miwani imepinda. Laiti ardhi ingepasuka ningeingia na kitanda.

Tarehe 12 Februari

Ngazi elfu tatu.

Tarehe 13 Februari

Ngazi elfu tatu.

Tarehe 24 Februari, siku ya 84

Sikukuu ya taa. Nesi Jiao ametundika taa ya karatasi kwenye kifaa cha moto, ameambiwa aiondoe, akaiondoa.

Adhuhuri Mwalimu Tong akasema, bila kunitazama, "Kitanda chako kina skrubu inayolia."

"Vitanda vyote vinalia."

"Chako kinalia baada ya chakula. Kinalia, kinatulia mpaka tano, kinalia. Nimekihesabu tangu mwaka mpya. Mimi ni mwalimu, kuhesabu ni ugonjwa wangu."

Damu ilinipanda, na mahali pa kupanda hapakuwapo, maana ilikuwa kichwani tayari. Badala ya kukiri nikamjibu vibaya. Nilimwambia ahesabu mifupa yake, ameisha kama kijiti cha kulia wali, asitafute mchawi.

Kisha akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniumiza, "Sitamwambia mtu. Si kazi yangu kukusemea. Lakini ukiwa na neno, lipeleke kabla bahasha haijafunguliwa. Leo neno lako ni ushahidi. Bahasha ikishafunguliwa ni porojo."

"Sina neno," nikasema.

Tarehe 25 Februari

Nilimwambia Nesi Jiao namtaka Daktari Lou. Akaja mbio. "Kuna nini, Qi mdogo?" Nikamwona amechana nywele, amevaa sweta mpya ya mwaka mpya, ile nyekundu. Nikamwambia nina gesi tumboni.

Akaniandikia dawa ya gesi.

Tarehe 28 Februari

Ngazi elfu nne. Nimefika kileleni. Hotelini hakukuwa na mtu.

Tarehe 2 Machi

Tumeinuliwa. Walitufunga kwenye meza za kupimia, wakaziinamisha taratibu, kichwa juu, miguu chini, mashine zikilia kila upande. Mwalimu Tong alifika nusu ya njia akawa mweupe, akazirai. Mara ya pili akasimama sekunde arobaini huku magoti yakimcheza, kisha watu wawili wakambeba kwenye kiti. Alikuwa akitabasamu. "Nimetua," alisema.

Mimi nilisimama dakika kumi. Nikatembea hatua kumi na moja. Watu wakapiga makofi, mtu akanipiga picha. Daktari Lou alisimama kando amejiziba mdomo kwa futi yake, machozi yanamtoka. Nikamtabasamia. Mungu wa mlima wetu anisamehe, nilimtabasamia.

Tarehe 8 Machi

Mazoezi. Tong anatembea na fimbo. Mimi napanda ngazi za Kituo, nne nne.

Tarehe 14 Machi

Naandika pole pole ili nisiruke kitu.

Tuliitwa ukumbini sote wanane, na jopo la watu watano mbele. Mwenyekiti wa jopo ni mzee mkavu mwenye kikohozi. Aliivunja lakiri mbele yetu, akasoma jina na neno, jina na neno.

"Tong Weimin: dawa."

Niliona kichwa cha Daktari Lou kikishtuka.

"Qi Laishun: maji."

Mimi mwenyewe sikuelewa mara moja. Mwenyekiti akaeleza, akikohoa kila baada ya maneno matatu. Wanaume wanne wa dawa walipungua misuli, si haba. Watatu wa maji walipungua zaidi kidogo. Lakini wa nne wa maji hakupungua karibu chochote, na akiwekwa kwenye hesabu pamoja na wenzake, maji yanaishinda dawa. "Kwa hiyo," akasema, "dawa haina ilichoonyesha."

Daktari Lou alivua miwani akaiweka mezani. Hakuifuta.

Tangu siku ya sitini nilijidanganya kwamba nambeba yule mama. Kumbe kila ngazi niliyopanda nilikuwa namkanyaga. Miaka kumi na moja ya mtu, nimeikanyaga kwa miguu yangu yenye afya, na juu yake nikapigiwa makofi.

Nikasimama. Sauti ilitoka kama si yangu. "Hesabu yangu itupeni. Nilikuwa nafanya mazoezi chini ya blanketi. Kila siku. Mpaka elfu nne."

Minong'ono. Mwenyekiti akanitazama muda mrefu.

"Bwana Qi, umelala siku tisini. Umepumzishwa siku kumi na mbili. Kwa nini unalisema leo, dakika tano baada ya bahasha?"

"Niliona haya."

"Na sasa huoni?"

Watu wawili wakacheka. Mmoja wa jopo, kijana mwenye tai, akamgeukia Daktari Lou. "Daktari, huyu mgonjwa wako mlizoeana? Tunaona siku ya sitini ulikaa kitandani kwake, mkazungumza dakika ishirini. Kamera ipo, ila sauti haipo."

Nilipiga kelele kwamba hakuwa na habari. Nikapiga kelele zaidi ya inavyofaa, na kadiri nilivyomtetea ndivyo nyuso zao zilivyofunga.

Ndipo Mwalimu Tong akainuka kwa fimbo. "Alikuwa akifanya. Nilisikia kitanda."

"Wewe umekunywa dawa," kijana akamjibu, "na ulikuwa rafiki yake. Ulisikia, ukanyamaza?"

Tong akakaa. Masikio yake yalikuwa mekundu. Hata yeye, msafi wa wasafi, nimempaka.

Tarehe 15 Machi

Daktari Lou alikuja chumbani akasimama mlangoni.

"Daktari, nipige," nikamwambia.

"Nikupige ili upate nafuu? Hapana." Alikuwa ameshika futi yake, anaikunja na kuikunjua. "Ile siku ya gesi. Ulitaka kusema hili?"

"Ndiyo."

"Ungesema siku ile ningeandika karatasi moja, ungetolewa kwenye hesabu, kwisha. Wangebaki watatu wa maji na wanne wa dawa, na dawa yangu ingekuwa hai. Jana umeniokoa mbele ya watu, Qi mdogo, na sasa korido nzima inauliza nimekupa nini uniokoe. Ungenitukana ingekuwa afadhali."

"Niliogopa miguu. Baba yangu..."

"Kila mtu ana baba," alisema, akaondoka.

Tarehe 20 Machi

Watu wa anga wana desturi yao wanayoiita kurudi sifuri. Kitu kikiharibika, hata skrubu moja, hawamwamini mtu kwa maneno wala machozi. Wanataka kosa lipatikane mahali pake, sababu ijulikane, kisha kosa lenyewe lifanywe upya mbele ya macho ya watu. Likirudiwa likatoka vilevile, ndipo linaaminiwa, linaandikwa, na kusomwa kwa kila kituo ili wengine wajifunze. Kosa lisiloweza kurudiwa linabaki kuwa hadithi.

Mwenyekiti wa jopo aliniita akanieleza hayo bila ukali.

"Unasema mtu wa maji machungu akikaza miguu kwa siri anabaki na mapaja kama yako. Inawezekana. Tuonyeshe."

"Nionyeshe vipi?"

"Lala tena. Siku tisini. Maji yaleyale, chakula kilekile, ngazi zako zilezile kwa tarehe zilezile. Zamu hii tunatazama."

"Na ikitoka vilevile?"

"Hesabu yako ya kwanza inafutwa, na Daktari Lou anasafishika. Ila yeye atakuwa ameshastaafu." Akakohoa. "Hulazimishwi."

Nikamwambia nimekubali kabla kikohozi hakijaisha. Nimempa daftari hili azinakili hesabu zangu zote za ngazi, tarehe kwa tarehe. Nilisema hataliona mtu. Limeonwa na watu watano, pamoja na haja kubwa.

Tarehe 21 Machi

Nimempigia Cuiping. Nilimwambia aondoe sauti ya juu, atoke nje, aende nyuma ya banda la kuku. Nikamweleza yote, tangu utepe mwekundu.

Nikasikia akimfukuza kuku.

"Ngoja nielewe," akasema. "Kazi yenyewe kulala."

"Ndiyo."

"Na hata kulala umeiba."

"Ndiyo, mama Miao."

Akacheka, kicheko kibaya, kisha kikageuka nikamsikia anapenga kamasi. "Mimi ndiye niliyekwambia urudi na miguu."

"Hukuniambia niibe."

"Sikukuambia." Kuku walikuwa wakilia kule. "Msimu wa watalii ndio huu, mti wako uko ukutani, na unalala tena. Haya. Miao nimwambie nini?"

"Mwambie kweli."

"Hiyo utamwambia mwenyewe. Mimi mzigo huo siupandishi."

Akampa simu. Nilimwambia mwanangu. Aliniuliza swali moja: "Kwa hiyo yule mwalimu aliyekuwa analia, yeye ndiye hakudanganya?" Nikasema ndiye. Akasema, "Basi nitawaambia darasani habari zake."

Tarehe 31 Machi

Daktari Lou ameondoka leo na sanduku moja la karatasi. Nilisimama koridoni. Alinipita akanitikisia kichwa, kama anavyomtikisia mlinzi.

Tarehe 2 Aprili

Mwalimu Tong amekwenda kwao, na fimbo yake. Nilimbebea mkoba mpaka getini, hakukataa. Nikamwomba radhi kwa neno la kijiti. Akasema lilikuwa kweli, alikuwa kijiti. Nikamwomba radhi kwa yale mengine. Akasogeza miwani yake.

"Hayo usiniombe mimi. Utakapolala, usipunguze hata ngazi moja. Wala usiongeze."

Tarehe 8 Aprili, siku ya 1

Kitanda kilekile, skrubu ileile imeachwa kwa makusudi. Kitanda cha pili kitupu. Nje, nasikia, miti imechanua.

Wamenibandika nyaya mapajani, na kamera zimekuwa nne. Waliokuja kushuhudia ni tisa, wengine wanafunzi wa udaktari, wana madaftari. Nesi Jiao alinipima kwa mashine, kisha akatoa mfukoni futi ya kitambaa iliyochakaa. "Ameniachia," alisema, akapima tena nayo. Siku ya leo haina ngazi. Ngazi zinaanza siku ya saba, kumi tu, kama nilivyoandika.

Tarehe 14 Aprili, siku ya 7

Baada ya chakula cha mchana waliingia wote tisa, wakajipanga pembeni. Nesi Jiao alisimama miguuni pangu, akasita, kisha akalivuta blanketi lote, akalikunja, akaliweka kwenye kitanda cha Mwalimu Tong. Nilibaki na kaptura, miguu juu, mbele ya watu.

"Kaka Qi," akasema taratibu, "kaza."

Nikafumba macho. Mwenyekiti akakohoa. "Macho wazi, Bwana Qi. Mara ya kwanza uliyafumba?"

"Hapana."

Nikayafumbua. Nikagandamiza wayo wa kulia juu ya wa kushoto, nikakaza, skrubu ikalia, na watu tisa wakahesabu pamoja nami kwa sauti mpaka tano.